Jinsi ya kusoma wastaafu na wanaolipwa ulemavu kaunti kwa kaunti (mfano West Virginia)

Wengi wakifungua jedwali la Social Security ya Marekani (mfuko wa taifa unaolipa wastaafu, warithi na wenye ulemavu) wanatafuta kaunti yenye namba kubwa halafu basi, hapo umeona tu watu wamejaa wapi, mafao yenyewe hujayaona. Mi nafanya hivi, tutumie jimbo la West Virginia, lina kaunti 55.

1. Pakua faili la wanaolipwa kwa jimbo na kaunti. Hesabu ni ya Desemba, andika mwaka kwenye jina la faili.

2. Tenganisha uzee, warithi wa marehemu na ulemavu. Kwenye ulemavu chukua mfanyakazi mwenyewe tu, maana mke na watoto wake nao wamo, ukiwajumlisha utadhani kaunti nzima inaumwa. SSI (msaada wa serikali kwa wazee na wenye ulemavu wa kipato kidogo) iache kando, ina jedwali lake na kuna watu wanapata zote mbili, utawahesabu mara mbili.

3. Hapa ndo penyewe. Wastaafu gawa kwa watu wote wa kaunti, wa ulemavu gawa kwa wenye miaka 18 hadi 64 tu. Kwa nini? Anayelipwa ulemavu akifika umri kamili wa kustaafu (67 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea) anaingizwa kwenye wastaafu, yaani hajapona, kahamishwa kolamu tu, na usipolijua hilo utaandika kwamba ulemavu umepungua wakati watu wamezeeka.

4. Sasa linganisha McDowell na Monongalia. McDowell ni kusini kwenye makaa ya mawe, mwaka 1950 ilikuwa na watu 98,887, sensa ya 2020 ikakuta 19,111. Monongalia ina chuo kikuu pale Morgantown, watu 105,822. Kwa namba tupu ya wastaafu Monongalia iko juu, ukigawa McDowell inaiacha mbali sana, kwa sababu vijana waliondoka na kazi, wakabaki wazee na watu walioumia migongo mgodini, na sheria ya ulemavu inaangalia pia umri, elimu na kazi ulizowahi kufanya, kwa hiyo mchimbaji wa miaka 56 asiye na elimu kubwa ni ngumu kuambiwa akatafute kazi ya ofisini. Fidia ya ugonjwa wa mapafu ya wachimbaji haimo humu, iongeze kwenye maelezo. Na kule Monongalia wanafunzi wanavimbisha kigawanyo chako, usiwasahau.

5. Jedwali la hela liko kwa maelfu ya dola kwa mwezi, zidisha kwa 1,000 kwanza ndo ugawe kwa idadi ya wanaolipwa.