Usiinyamazishe CG125 yako

Simama karibu na pikipiki ya zamani ya Honda CG125 asubuhi, injini ikiwa ndiyo kwanza imewaka, usikilize juu pale kwenye kichwa. Inalia kama cherehani ya kukanyaga: tiki-tiki-tiki. Hizo ni tapeti, skrubu ndogo zinazosukuma vali, yaani milango ya injini ya kuingizia petroli na hewa na kutolea moshi, na mlio huo ukiwa mwepesi na wa kulingana, pikipiki yako ni nzima. Ya kwangu niliachiwa na marehemu baba, aliyekuwa bwana shamba na kuzunguka nayo Lushoto yote hadi Mlalo na Mtae. Imepita mikononi mwa mafundi wengi. Aliyeiumiza kuliko wote ni yule aliyeona mlio ule ni ugonjwa, akazikaza tapeti mpaka zikanyamaza kabisa.

Wiki tatu nilifurahia ukimya. Kisha ikaanza kugoma ikiwa ya moto. Asubuhi kiki moja imewaka. Nikisimama Soni kidogo kununua matunda, kuondoka ni kiki ishirini na jasho. Kiki yenyewe ikawa laini, mguu unashuka bila kukutana na ubishi wowote. Kichwa kilipofunguliwa, vali ya kutolea moshi ilikuwa imeungua ukingoni, imeliwa kipande kama ukucha wa kidole kidogo. Nikanunua vali, nikalipia kusaga kiti chake, yaani pete inayokaliwa na vali ikifunga, na gaskiti mpya, na mwezi mzima nikaenda shuleni kwa miguu. Tangu hapo tapeti napima mwenyewe, na ndiyo kazi ninayotaka uijue kabla ya nyingine zote.

Elewa kwanza kwa nini ukimya unaua. Vali ya moshi inapigwa na moto kila injini inapolipua, na nafasi yake kubwa ya kupoa ni ule muda mfupi inapokaa juu ya kiti chake na kukipa joto. Tapeti ikikazwa kupita kiasi, chuma kikishapata moto kinarefuka, vali haifungi sawasawa, moto unapenya pembeni na kuikata. Tapeti iliyolegea kidogo inapiga kelele tu, iliyobana inaunguza. Tena kwenye injini iliyotumika miaka mingi vali ya moshi huzama taratibu ndani ya kiti chake, na nafasi iliyopo kati ya vali na roka, mkono mdogo unaoisukuma, inapungua yenyewe bila mtu kugusa kitu. Kwa hiyo kama pikipiki yako ya zamani imekuwa kimya siku hizi na hujaifanyia lolote, ipime wiki hii.

Heri yetu ni kwamba injini hii ilibuniwa kwa ajili ya watu kama sisi. Honda walipoitoa mwaka 1976 walikwepa kuweka kamu, mhimili wenye nundu unaofungua vali, juu ya kichwa pamoja na cheni yake ndefu. Waliiweka kamu chini, inazungushwa na gia, na inasukuma vali kwa fito mbili. Walijua inakwenda kwenye nchi ambako oili huchelewa kubadilishwa na fundi yuko mbali. Mwaka huohuo Brazili walianza kuitengeneza kiwandani Manaus. Ubunifu huo ndio unaokuwezesha leo kuseti tapeti barazani kwako.

Fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Ikiwa ya moto vipimo vinakudanganya. Funga bomba la petroli, chomoa mpira wake, toa tanki uliweke mbali na jiko. Fungua plagi ili injini izunguke bila kukubishia. Fungua kava la kushoto linalofunika magineti, gurudumu zito la kuzalisha umeme, ukiwa umetega beseni chini kwa sababu oili inaweza kudondoka, halafu kava la juu ya kichwa. Bolti zote nazichomeka kwenye kipande cha boksi nilichokichora umbo la kava, kila moja kwenye tundu lake. Hazina urefu sawa, na bolti ndefu ikiingia tundu fupi inaweza kupasua alumini.

Sasa zungusha magineti kwa spana, kinyume na mwendo wa saa, huku ukiangalia alama ya T iliyochongwa ukingoni. Ikifika mbele ya alama ya injini, simama. Shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise juu na chini. Zote zikicheza kidogo, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imebana, usianze kulegeza nati: zungusha raundi nzima moja hadi T irudi, kisha tikisa tena. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana T hupita mara mbili na ni mara moja tu vali zote zinakuwa zimefungwa.

Kipimo cha nafasi ya tapeti za CG125 ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili. Tumia filageji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kila kimoja na unene wake. Usitumie karatasi ya daftari kama nilivyowahi kuelekezwa, kwa sababu karatasi hazina unene mmoja. Ingiza kipande cha 0.08 kati ya roka na ncha ya vali, ukivute polepole. Kinatakiwa kije kwa kukwaruza, kama unavuta karatasi iliyolaliwa na daftari moja. Kikija bure, nafasi ni kubwa. Kikigoma kuingia, nafasi ni ndogo, na hapo ndipo pa kuogopa.

Legeza nati ya kufungia, geuza skrubu ya katikati kidogo tu, pima. Ukipata mvuto unaoutaka, ishikilie skrubu isitikisike huku ukikaza nati kwa mkono mwingine. Nati ikikazwa huikokota skrubu pamoja nayo, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Mimi mara ya kwanza nilirudia mara sita kwenye vali moja, na mwanangu akashika tochi mpaka akachoka. Zikikaa sawa, zungusha injini kwa mkono raundi mbili, rudisha T, pima kwa mara ya mwisho, ndipo ufunge makava. Kaza kwa nguvu ya kiganja, si ya bega.

Plagi ikiwa nje, isome. Ukiitoa baada ya safari ya kweli, siyo baada ya kuunguruma nyumbani, rangi nzuri ni ya kahawia hafifu, kama biskuti. Nyeusi yenye masizi ina maana petroli ni nyingi au hewa ni chache. Nyeupe kavu, hewa ni nyingi. Sisi wa Lushoto tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo pikipiki iliyosetiwa Tanga mjini ikifika huku plagi hugeuka nyeusi kidogo. Kabla hujaigusa kabureta, osha sponji ya chujio la hewa kwa mafuta ya taa, ikamue bila kuisokota, iache ikauke, ipake oili kidogo na uikamue tena. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Kama inawaka kwa choki tu na ukitoa choki inazima, mara nyingi jeti ndogo ya kabureta, inayopitisha petroli, imeziba. Izibue kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Kamwe usitumie sindano wala waya wa chuma, maana tundu likitanuka hata kidogo jeti imekufa. Kabla ya kuitoa ile skrubu ya pembeni ya kabureta inayorekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli, ifunge mpaka mwisho taratibu huku ukihesabu mizunguko, uandike mahali.

Oili nabadilisha kila baada ya miezi miwili, kwa kuwa mita ya kilomita ilishakufa. Inaingia kama lita 0.9. Nunua oili ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA kwenye kopo; klachi yetu inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na oili ya gari inaweza kuifanya iteleze. Unapopima, kijiti kiweke tu kwenye tundu lake, usikizungushe kukikaza.

Cheni iache ichezecheze karibu sentimita mbili, na ipime sehemu kadhaa kwa kusogeza gurudumu, kwa sababu cheni iliyochakaa huwa na mahali imekaza na mahali imelegea. Breki zinataka uangalifu zaidi kwetu tunaoteremka kwenda Mombo. Fungua ngoma, futa vumbi lake kwa kitambaa kibichi na usilipulize, kwa kuwa vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto. Breki shuu zikiwa zinang'aa kama kioo, zipitishie msasa. Na kwenye mteremko shuka na gia ya pili, ngoma zipate kupumua.

Ukimaliza yote, washa, iache ipate moto, uweke tena sikio. Tiki-tiki nyepesi kutoka juu, endelea na safari. Ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, du-du-du, unaokua unapovuta mafuta, huo si wa tapeti na filageji haiutibu. Zima injini hapohapo, isukume hadi nyumbani, na usiipande tena mpaka krenki, mhimili mkuu wa injini, ifunguliwe.