Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwona Daktari kwa Mapigo ya Moyo Yanayokwenda Mbio

Moyo wa mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Unapovuka kiwango hicho mtu akiwa amekaa tu, chanzo chaweza kuwa kimoja kati ya kadhaa, kuanzia homa ya kawaida hadi hitilafu inayoweza kuua kwa dakika chache. Ugumu ni kwamba nyingi ya hali hizi huja na kuondoka, na mara nyingi mgonjwa anapofika kwenye kipimo cha ECG, kinachorekodi umeme wa moyo, moyo umeshatulia, karatasi haionyeshi kasoro yoyote. Ndiyo maana maelezo yake mwenyewe yana uzito mkubwa, na yafaa yaandaliwe mapema.

Hata hivyo, maandalizi haya hayamhusu aliye katika hatari wakati huo huo. Mapigo ya kasi yakiambatana na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au kuzimia, mgonjwa apelekwe kwenye huduma ya dharura bila kusubiri miadi, na asiendeshe gari mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kujifunza kuhesabu mapigo kabla tatizo halijarudi. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, kisha hesabu kwa dakika nzima, kwa kuwa kuhesabu sekunde chache na kuzidisha hupotosha pale mapigo yasipokuwa na mpangilio. Andika idadi, saa, na ulichokuwa ukifanya.

Halafu chunguza jinsi kasi inavyoanza na inavyoisha, maana hapa ndipo aina nyingi hutengana. Moyo unaoongeza kasi polepole na kupungua polepole kwa kawaida unaitikia jambo jingine mwilini: homa, upungufu wa damu, upungufu wa maji, hofu, au tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Hapo kinachotibiwa ni chanzo, wala si moyo wenyewe. Lakini kasi inayoanza ghafla, ikafika 150 hadi 220, kisha ikakatika ghafla vilevile, huashiria kwamba umeme wa moyo umeingia kwenye njia ya mzunguko na unajirudia, mara nyingi kati ya chemba za juu na za chini. Baadhi ya watu huzaliwa na njia hiyo ya ziada na hali ikajitokeza wangali vijana. Ikiwa iliwahi kukatika ulipojikamua au ulipotapika, mwambie daktari, kwani ni kidokezo kizuri sana. Ila usijikande shingo mwenyewe ili kuituliza.

Zingatia pia mpangilio. Mgonjwa anaweza kugonga meza kwa kidole akiigiza mapigo yake, na daktari makini atasikiliza kwa hamu. Mapigo yasiyofuata mpangilio wowote huelekeza kwenye mtetemo wa chemba za juu, yaani chemba hizo hutetemeka badala ya kujikaza sawasawa, na damu iliyomo huweza kutuama, ikaganda, na bonge likasafiri hadi kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Wapo wanaoishi na hali hii bila kuhisi chochote, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalostahili kuhofiwa zaidi kuliko usumbufu wa mapigo yenyewe.

Beba orodha ya dawa zote, zikiwemo za pumu, za kuzibua pua na za mitishamba, pamoja na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa sababu baadhi yake huharakisha moyo. Taja kama uliwahi kupata shambulio la moyo, au kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, maana historia hiyo humfanya daktari afikirie mapigo ya kasi yanayoanzia kwenye chemba za chini. Hayo ndiyo hatari zaidi, kwani yanaweza kugeuka mtetemo usiosukuma damu kabisa.

Kwa sababu hiyo watu wa nyumbani nao wajiandae. Mgonjwa akianguka, asiitike wala asipumue kawaida, waite msaada na waanze mara moja kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi wahudumu au mashine ya kushtua moyo ifike.