Jinsi ya kusaka riwaya za kisayansi zisizochapishwa tena, ukiwa Tanga

Mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni alinijia akitaka kitabu alichokisoma ujanani: "Kile cha mimea inayotembea, na watu karibu wote wamepofuka." Jina hakumbuki, wala mwandishi. Hicho kilikuwa rahisi: ni The Day of the Triffids cha John Wyndham, cha 1951, na mpaka leo kinachapishwa. Wengi wanaonijia hawana bahati hiyo. Kwa hao, mimi hufuata njia hii.

Hatua ya 1: Kijue kitabu kwa majina yake yote

Usiiharakishe hatua hii, maana hapa ndipo pesa zinapopotea. Zamani riwaya moja iliweza kutoka Uingereza kwa jina hili na Marekani kwa jina lile. Niliwahi kuagiza The Stars My Destination ya Alfred Bester, nikaingoja wiki sita, kifurushi kikafika, nikajilaza mkekani nisome. Kurasa tatu tu nikajua ninayo tayari. Uingereza ilitoka 1956 ikiitwa Tiger! Tiger! na nilikuwa nayo rafuni muda wote. The Chrysalids ya Wyndham, ya 1955, nayo Wamarekani waliiita Re-Birth.

Kwetu jambo hili ni zito, kwa sababu vitabu vingi vya Kiingereza ninavyokutana navyo kwenye makabati ya wazee wa hapa ni chapa za Uingereza. Ukishika jina la Kimarekani tu, utakipita kitabu chako kimelala mbele yako.

Kisha kuna lakabu. Jina kamili la Wyndham lilikuwa John Wyndham Parkes Lucas Beynon Harris, na alilikatakata apendavyo: huku John Beynon, kule John Beynon Harris. The Outward Urge ya 1959 ina waandishi wawili jaladani, Wyndham na Lucas Parkes. Wote wawili ni yeye!

Kanzidata ya kufungulia mafundo haya ni Internet Speculative Fiction Database, na ni ya bure. Tafuta mwandishi, fungua kitabu, utaona lakabu, majina mbadala na chapa zake: mwaka, mchapishaji, bei, na mara nyingi picha ya jalada. Nakili kwenye daftari. Simu huzimika chaji ukiwa katikati ya Ngamiani.

Kwa riwaya za Kiswahili usiitegemee kanzidata hiyo; andika mwandishi, mchapishaji na mwaka, basi. Walenisi ya Katama Mkangi, kwa mfano, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani ndani ya chombo, ilitolewa na East African Educational Publishers, Nairobi, 1995. Wapo wanaoziweka Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi katika kundi hili la riwaya za kisayansi. Mimi siziweki, ila nikiziona nalipa kwanza, ubishi baadaye.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma umri wa nakala

Tazama bei jaladani. Ukiona 3/6, hizo ni shilingi tatu na peni sita za Uingereza, na Waingereza waliacha hesabu hiyo Februari 1971. Kisha tafuta ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Ikiwa na tarakimu 13, nakala imechapishwa kuanzia mwaka 2007 au karibu na hapo. Tarakimu 10 ni ya kabla yake. Ukikuta tarakimu 9, usidhani moja imefutika: ni mfumo wa awali wa Uingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1960. Tanguliza sifuri na utafute nayo mtandaoni, itakubali. Kitabu kisicho na namba kabisa kitafute kwa jina la mwandishi na mchapishaji.

Hatua ya 3: Tembea

Anza na wastaafu: walimu, makarani wa bandari, watu wa reli. Usifike na bei mdomoni. Toa shikamoo, kaa, ukikaribishwa kahawa kunywa, acha mzee aanze mwenyewe kusimulia alichokuwa akisoma. Kabati litafunguliwa siku ya pili au ya tatu. Mauzo yangu bora yote yametoka kwenye kabati la namna hiyo, halafu mzee mwenyewe hunituma kwa mwenziwe barabara ya tatu kutoka kwake.

Kisha zoeana na wauza karanga na wanunuzi wa karatasi chakavu. Vitabu vya Kiingereza visivyo na msomaji nyumbani huuzwa kwa kilo na kuishia kuwa vikoni vya karanga. Mwombe akuwekee kando chochote chenye roketi jaladani, na umlipe zaidi ya bei ya kilo.

Hatua ya 4: Kama unataka kusoma tu

Basi usinunue. Kazi za H. G. Wells na Jules Verne zimejaa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, pamoja na hadithi nyingi za magazeti ya Marekani ya miaka ya 1950 ambazo haki miliki zake hazikuhuishwa. Internet Archive, maktaba nyingine ya mtandaoni, nayo huazimisha baadhi ya vitabu ukijisajili. Kwa vya Kiswahili, ukiwa Dar es Salaam ingia Maktaba Kuu ya Taifa, au sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu.

Hatua ya 5: Kununua kwa mtu usiyemwona

Dai picha nne: jalada, mgongo, ukurasa wa haki miliki, na ukurasa wa mwisho wa hadithi. Huo wa nne nimeulipia ada. Muuzaji mmoja wa ng'ambo aliniletea riwaya safi kama mpya, ikakatika shujaa akiwa ameshika kitasa cha mlango. Picha ya haki miliki itakuonyesha pia kama ni chapa mpya ya kuagizwa moja moja, iliyojaa makosa ya mashine. Uliza nauli ya posta kabla ya bei. Mara nyingi ndiyo kubwa. Cha Nairobi au Mombasa ni nafuu kupitishia mpakani Horohoro kwa basi.

Hatua ya 6: Kabla hakijaingia rafuni

Kitabu cha kabatini hapa pwani huja na unyevu na wadudu. Usikianike juani wala usikibandike selotepu. Kiache kivulini penye upepo mpaka kikauke, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe, la sivyo kitaloa upya. Kwangu nimeruhusiwa droo moja ya chini ya friza, kwa masharti kwamba siku ya samaki kolekole vitabu vinatoka.