Patasi za uvunguni
Kama uliacha fani na vifaa vyake bado viko uvunguni, mpe anayejifunza sasa. Bakiza kimoja tu, kile unachokitumia hata leo. Mimi niliacha kuchonga milango hapa Lamu, patasi zikakaa miaka zikila kutu, na kila nikifagia naukumbuka mlango niliouacha nusu. Sasa ziko kwa kijana mmoja mtaa wa Langoni. Nikipita nikisikia nyundo yake, nasikia kazi, si lawama, na yule fundi niliyekuwa najiona nitakuwa hakupotea bure. Patasi niliyobakiza nafungulia makopo ya rangi ya mashua (mafundi wenzangu wa zamani watanicheka). Haifai kugawa kama bado una nia ya kurudi kwenye fani, wala usimpe mtu wa nyumbani mwako: utashinda kutwa ukimsahihisha.