Tangi dogo la samaki wa maji ya chumvi kwa mkazi wa pwani mwenye bajeti finyu

Mkazi wa Tanga, Dar es Salaam, Unguja au Mombasa ana vitu vitatu ambavyo mfugaji wa Ulaya huvilipia: maji ya bahari, mawe ya matumbawe makavu na joto. Kwa hiyo pesa kidogo uliyonayo iende kwenye pampu, kipimo cha chumvi, na vipimo vya amonia, nitriti na nitrati, yaani taka zinazozaliwa uchafu unapooza majini. Mashine ya kuchuja kwa povu, taa kali za kukuzia matumbawe na chupa za dawa zinazoahidi tangi tayari kwa siku moja, viache hapo hapo dukani.

Usishuke chini ya lita 50. Tangi la lita 20 linavutia kwa bei, lakini humo hakuna nafasi ya kukosea: samaki mmoja akifa usiku, asubuhi amonia imeshawafikia wenzake. Kwa fundi vioo agiza kioo cha milimita 6: kipande kimoja cha sentimita 60 kwa 30 cha chini, viwili vya 60 kwa 36 vya mbele na nyuma, na viwili vya 28.6 kwa 36 vya ubavuni. Fundi atauliza mbona 28.6. Ukitoa unene wa vioo viwili kwenye 30 inabaki 28.8, na milimita moja kila upande ni ya silikoni. Silikoni yenyewe iwe ile inayonuka siki na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya bafu zina dawa hiyo, nayo ni sumu kwa viumbe wa tangi. Futa kingo kwa spiriti, gundisha, acha siku 7, kisha jaza maji ya bomba na uliache tangi siku nzima juu ya magazeti makavu. Panapovuja gazeti litakuonyesha.

Likijaa maji na mawe, tangi hili litakaribia kilo 75. Meza iwe imara na imenyooka kwa pimamaji, na chini ya kioo tandika stairofomu ngumu ya sentimita moja, ile inayofungia televisheni kwenye boksi.

Sasa maji. Yachote maji yakiwa yanajaa, karibu na kikomo chake, upande ulio wazi kwa bahari kuu. Yakipwa, unachota kilichotoka kwenye mikoko, mito na mitaro ya mji. Kwa Dar, achana kabisa na maeneo ya mdomo wa Msimbazi; kwa Mombasa, usichote Tudor wala Kilindini. Wakati wa masika mito hupunguza chumvi ya maji ya karibu na ufuo na kuleta tope, kwa hiyo jaza akiba mapema, kaskazi inapovuma na maji yakiwa safi. Madumu yawe yaliyobeba maji ya kunywa tu. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya kupikia au sabuni halisafishiki vya kutosha.

Hapo hapo ufukweni pima chumvi kwa rifraktomita. Unatafuta 35 kwa elfu, yaani uzito wa 1.025 au 1.026 ukilinganishwa na maji matupu, kwa anayetumia haidromita, kile kipimo kinachoelea. Ikisoma chini ya 33, hamia sehemu nyingine. Chuja kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa bila sabuni, funika madumu na uyaweke gizani wiki mbili. Vijidudu vinavyoelea baharini vitakufa na kutuama chini. Fyonza maji ya juu kwa mpira, uache sentimita kadhaa za chini na uzimwage, kisha uyatie hewa kwa pampu siku moja kabla ya kuyatumia.

Mawe ndiyo kichujio chako. Ndani ya vitundu vyake ndimo watakamokaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Tafuta jiwe la matumbawe la kujengea nyumba, lililochimbwa nchi kavu, jepesi na lenye vitundu vingi. Kilo 6 hadi 8 zinatosha, na mafundi mara nyingi hukuachia vipande vilivyovunjika. Dondoshea siki: likitoa povu, ni lenyewe. Lenye rangi, saruji au kutu ya nondo usilichukue. Na usivunje kitu chochote baharini, hata kipande kinachoonekana kimekufa. Matumbawe yanalindwa, na visiwa kama Mbudya na Bongoyo vya Dar ni hifadhi ambamo hairuhusiwi kuchukua kitu.

Sugua mawe kwa brashi, yaloweke siku 2 kwenye jiki isiyo na manukato, sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji, kisha yasuuze, yaloweke tena kwenye maji matupu, na uyaanike juani wiki nzima hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Yapange moja kwa moja juu ya kioo, yasimame bila kutikisika, ukiacha mapango ya kujificha. Mchanga hauhitajiki mwanzoni, na tangi lisilo na mchanga ni rahisi kusafisha.

Pampu ya kuzungusha maji iwe ya lita 600 hadi 1,000 kwa saa, ielekezwe ili uso wa maji uchezecheze. Hapo ndipo oksijeni inapoingia, na maji ya chumvi yenye nyuzi 28 hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya mtoni. Waya wa umeme uuache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la chumvi lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Kinachofuata ndicho wengi hawakivumilii. Tangi likishajaa, weka kipande cha kamba mbichi cha gramu 5 ndani ya soksi safi ya nailoni, ili kikioza kizae amonia ya kuwalisha bakteria; ukitoe baada ya siku chache. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti ipande kisha nayo ishuke. Kwa joto la pwani hesabu wiki 3 hadi 6. Rafiki mwenye tangi la maji ya chumvi akikupa sponji chafu ya pampu yake, muda utapungua sana. Sponji ya tangi la maji baridi haisaidii, bakteria wake ni wengine. Tangi liko tayari pale unapotia chakula kidogo na baada ya saa 24 vyote viwili vinasoma sifuri. Ukiharakisha, kumbuka kwamba pH (kipimo cha uchachu) ya bahari ni 8.2 hivi, na hapo sehemu yenye sumu ya amonia ni zaidi ya mara kumi ya ile ya maji yenye pH 7. Samaki atahema juu juu na matamvua yatakuwa mekundu. Katikati ya safari hii vioo vitafunikwa na utando wa kahawia, kisha wa kijani. Ni kawaida, kwangua, na punguza saa za taa ziwe 6 kwa siku.

Kosa linaloua matangi mengi ya pwani ni kuongeza maji ya bahari pale yanapopungua. Kinachopotea hewani ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi la lita 50 likipoteza lita 5, ile 35 inakuwa karibu 39. Bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji na kila asubuhi rudishia hadi hapo kwa maji yasiyo na chumvi. Yale ya kunywa ya dumu la lita 20 yanafaa. Ya mvua yaliyopita kwenye bati usiyatumie, kwa sababu zinki huua konokono na kaa. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, na joto likizidi 30 utaihitaji, ila jua kwamba itaongeza kasi ya kukauka.

Wa kwanza kuingia ni konokono wala mwani wachache na kaa wadogo wanaoishi kwenye magamba matupu ya konokono. Usiokote konokono mwenye umbo la koni: huchoma kwa sumu, na ya baadhi yao imewahi kuua watu. Baada ya wiki mbili tia samaki mmoja mdogo, gobi kwa mfano, na mwezi baadaye wa pili. Watatu ndio mwisho. Kangaja, kikande, tasi na chewa wanapendeza wakiwa wadogo, lakini tangi hili si lao. Samaki kipepeo wengi hula matumbawe hai, na kwako watakufa njaa. Yule wa chungwa mwenye mistari mitatu myeupe ambaye watoto humtaka, Amphiprion ocellaris, hapatikani bahari yetu. Wa kwetu ni Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na umuulize alimvuaje. Samaki aliyevuliwa kwa sumu mara nyingi hula siku chache tu kisha hufa. Funika tangi kwa wavu, maana gobi huruka.

Lisha mara moja kwa siku, kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Kila wiki fyonza lita 5 pamoja na uchafu wa chini, rudishia lita 5 za bahari kutoka kwenye akiba, na sponji ya pampu isuuze kwenye yale uliyofyonza, kamwe si bombani. Nitrati ikizidi miligramu 40 kwa lita, punguza chakula kabla ya kufikiria kununua kitu. Kwa umeme wa kukatika, nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya samaki wa kwanza; kama huna, chota kikombe cha maji na ukimimine kutoka juu, tena na tena, kila baada ya dakika chache.

Aliye Nairobi, Arusha au Kampala atahitaji hita ya wati 75 hadi 100 na chumvi maalumu ya matangi, takribani gramu 720 kwa lita 20. Chumvi ya mawe ya Gongoni au Bagamoyo haiwezi kushika nafasi yake: bahari inapokaushwa, chokaa na jasi hutangulia kuganda, magnesi hubaki kwenye maji yanayomwagwa, na kinachofika sokoni ni chumvi ya kula tu.