Kutambua kompyuta ya injini kabla ya kununua nyingine

Ukiomba "kompyuta ya Premio" katika Soko la Kisekka, Kampala, utapewa. Huenda plagi zikaingia vizuri na gari bado likakataa kuwaka. Premio NZT260 ina injini ya 1NZ, ZRT260 ina ya 2ZR, na kompyuta zao ni tofauti. Tafuta nambari, usitafute jina la gari.

Pima betri kwanza. Ikiwa chini ya volti 12, ichaji, la sivyo mawasiliano yatakatika ukiwa katikati ya kusoma. Chomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta za gari, kwenye soketi ya uchunguzi (OBD2) chini ya dashibodi, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha ingia kwenye taarifa za gari, yaani huduma 09. Kwenye magari ya CAN, yaani ambayo kompyuta zake huwasiliana kwa mtandao wa nyaya mbili, anayejibu kwa 7E8 ni kompyuta ya injini. 7E9 kwa kawaida ni giaboksi. Nakili nambari ya kalibresheni herufi kwa herufi. Nafasi ya VIN (nambari ya utambulisho wa gari) ikiwa tupu, usishtuke: magari ya soko la Japani hutumia nambari fupi ya chasisi, si VIN ya herufi 17. Ila ikitokea VIN isiyolingana na logibuku, shuku kwamba kompyuta ilitoka gari jingine.

Kalibresheni ni alama ya programu tu. Boksi lenyewe la kompyuta hutambulika kwa lebo, kwa hiyo toa waya hasi wa betri, lifungue kutoka mahali pake na usome lebo. Toyota nyingi huiweka nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, na lebo huanza na 89661. Nissan ni 23710, Subaru 22611. Kinachofuata baada ya kistari lazima kifanane chote. Hapo ndipo wengi hupoteza pesa.

Skana ikiwaka lakini isiunganishwe, usihukumu kompyuta bado. Kagua fyuzi na relei ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwenye injini), kisha ardhi (upande hasi wa umeme) kwenye pini 4 na 5 za soketi ya OBD2. Kwa gari la CAN, betri ikiwa imetolewa, pima kati ya pini 6 na 14: ohm 60 hivi ni sawa, 120 ni waya uliokatika au kompyuta ya mwisho wa laini iliyochomolewa, karibu 0 nyaya zimegusana. Magari mengi ya zamani ya Japani huwasiliana kwa pini 7, na vile vifaa vidogo vya Bluetooth mara nyingi hushindwa kuyasoma. Tumia skana yenye menyu ya magari ya soko la Japani.

Gari likiwa na ulinzi wa ufunguo, hata boksi lenye nambari ileile litahitaji kusajiliwa upya na funguo zako. Muulize muuzaji kama anatoa boksi pamoja na ufunguo wa gari lilikotoka.