Mwanafunzi Mhungaria akikujibu "Please": kumfundisha Kiingereza cha adabu na utovu wa adabu

Nafundisha Kiingereza kwa njia ya mtandao, na wanafunzi wangu wengi ni Wahungaria. Katika kipindi chetu cha kwanza, mama mmoja wa makamo nilimwita jina, akaitika "Please?" Nikangoja aombe anachotaka, hakuomba kitu. Nikamwita tena. "Please!" Baadaye sana ndipo nilipong'amua kwamba kichwani alikuwa anasema *tessék*.

Wewe mwalimu mwenzangu unayejua Kiswahili, ukimpata mwanafunzi wa aina hii, una mtaji ambao wengine hawana. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Maliza habari ya *tessék* kwanza

Neno hili linafanya kazi ya "karibu" yetu na "naam" kwa pamoja. Mtu akibisha hodi: *tessék*. Ukimkabidhi kitu: *tessék*. Muuzaji akimwita anayefuata kwenye foleni: *tessék*. Asiposikia ulichosema: *tessék?* Wengi wamelikariri kuwa ni "please", basi. Mgawie hali hizo moja moja: "Come in", "Here you are", "Next, please", "Sorry?" Usimwandikie orodha. Mimi hugonga meza, au hunyoosha kalamu kuielekea kamera, kisha namwachia yeye aseme.

Hatua ya 2: Mwonyeshe heshima imehamia wapi

Kihungaria kina *te* ya kumwambia rafiki na *Ön* ya kumwambia mtu wa heshima, na ukitumia *Ön* kitenzi kinageuka na kuwa kile cha "yeye". Watoto huwasalimu wakubwa *csókolom*, ufupi wa kusema naubusu mkono wako. Sisi wa shikamoo hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mtu aliyelelewa hivyo anafika kwenye Kiingereza anakuta "you" tupu, ya mtoto na ya jaji ni hiyo hiyo. Anaamua lugha hii haina adabu, naye anaongea kavu. Mgahawani kwao husema *kérek egy kávét*, yaani naomba kahawa, na hakuna wa kumlaumu. Akiihamisha kwa haraka inatoka "I want a coffee". Mfundishe "Could I have a coffee, please?" kama pumzi moja, kisha abadilishe kahawa tu: bili, maji, dakika mbili za muda wako. Sarufi ya "could" itasubiri.

Hatua ya 3: Pitia kwenye picha zilizomo ndani ya maneno yake

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na sijuti. *Udvar* ni ua, na pia ni baraza la mfalme. Humo limetoka *udvarias*, mwenye adabu, na *udvarol*, kumtongoza mwanamke kistaarabu. Kiingereza kimepita njia hiyo hiyo: "court", "courteous", "to court". Mwandikie sita hizo katika safu mbili ukae kimya. Ataona mwenyewe.

Vivyo hivyo *tapint*, kugusa, limezaa *tapintat*, busara ya kutomuumiza mtu kwa maneno. "Tact" nayo asili yake ni neno la Kilatini la kugusa. Kwa hiyo *tapintatlan* ni "tactless", tena hata kikanushi kimekaa mwishoni kama kwao. Anza na haya ya "-less", yaani "tactless" na "thoughtless", halafu ndiyo umpeleke kwenye yale yanayokanusha mwanzoni: "impolite", "disrespectful", "ill-mannered".

Ninalolipenda kuliko yote ni *pofátlan*. *Pofa* ni shavu, na *-tlan* ni "bila". Mhungaria asiye na shavu ndiye mfidhuli. Mwingereza mfidhuli, kinyume chake, ndiye mwenye shavu: "cheeky", na akizidi, "What a cheek!" Lipo pia *szemtelen*, bila macho, ambalo kwetu ni yule mwenye macho makavu. Ukishamchekesha kwa hayo, mpangie ukali: "cheeky" unaweza kumwambia mtoto huku unatabasamu, "rude" huwezi, na "abusive" ni neno la kuandikia malalamiko rasmi.

Hatua ya 4: Tegua mitego mitatu

*Szimpatikus* ni mtu anayependeka, si "sympathetic". *Direkt* ni makusudi: mwanafunzi wangu mmoja, mhandisi, alitaka kumwomba radhi bosi wake Mwingereza akaandika "I didn't do it direct". Msamaha mzuri, ila msomaji atajiuliza alipitia wapi. Sahihi ni "on purpose". Wa tatu ni *normális*. Kwao *normális vagy?* ni kama sisi tunavyomwuliza rafiki, "We, una akili kweli?" Mimi niliulizwa "Are you normal?" kwa sababu nilimpa mtu kazi ya nyumbani siku ya Ijumaa. Mfundishe "Are you serious?"

Hatua ya 5: "He" na "she"

Kihungaria kina *ő* tu, kama sisi tulivyo na "yeye". Mwanamke akiitwa "he" mbele ya watu anaweza kudhani anadharauliwa. Huna siri ya kumpa hapa, maana hata sisi tunateleza. Msahihishe kila mara, kwa sauti ya chini.

Hatua ya 6: Kuagana

*Szia* na *helló* Mhungaria huzitumia akija na akiondoka pia. Fanyeni mazoezi ya "Bye" na "Have a nice evening" kila mwisho wa kipindi, hata kama anaona ni utoto. Yule mama wa "Please" alishafuzu hatua zote tano, anaomba kahawa kama mtu wa London. Wiki iliyopita alinishukuru kwa adabu zote, akapunga mkono, akasema kwa furaha "Hello!" na kukata simu.